Mkereza Mabakuli wa Bucklebury

Msafiri aondokaye mji wa Reading, Uingereza, akashika njia ya magharibi na kuliacha bonde la mto Kennet mkono wa kushoto, hufika baada ya maili 10 na ushei katika nyika ya miti na vichaka iitwayo Bucklebury Common. Ardhi hiyo ni ya namna ya pekee: ina mwenyewe, lakini tangu kale wenyeji wa hapo wamekuwa na haki ya kulisha wanyama wao humo. Watu wengi wa mbali walilisikia jina la Bucklebury kwa mara ya kwanza mwaka 2011, Prince William alipomwoa binti aliyekulia huko, na magazeti yakajaa habari za harusi. Lakini kijiji hicho kilikuwa na sifa yake kabla ya hapo, nayo ilitoka katika kibanda kimoja kidogo.

Humo alifanya kazi George Lailey, mkereza mabakuli, kama baba yake na babu yake walivyofanya kabla yake. Kwa karne nyingi Waingereza walikula na kunywa katika vyombo vya mti vilivyokerezwa. Merikebu ya kivita Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, ilikutwa na vyombo hivyo ndani yake. Baadaye vyombo vya udongo, vya kioo na vya bati vikavishinda kwa bei, na mafundi wakapungua mmoja mmoja. Mwandishi H. V. Morton alipomtembelea Lailey na kumtaja katika kitabu chake cha mwaka 1927, fundi huyo alikwisha kuhesabiwa kuwa wa mwisho wa kazi yake nchini.

Kerezo lake halikuendeshwa kwa mvuke wala kwa umeme. Ufito mrefu wenye kunyumbuka ulifungwa juu, na kutoka ncha yake uliteremka ukanda. Ukanda huo uliuzunguka mhimili ulioshika kazi, kisha ukafungwa kwenye ubao wa kukanyagia. Fundi akikanyaga, kazi huzunguka kumwelekea, na hapo ndipo chuma hukata. Akiinua mguu, ufito huuvuta ukanda juu, kazi ikazunguka kinyume, naye hukiondoa chuma kidogo akingoja. Basi nusu ya mzunguko wote ni bure. Mtu aliyezoea mashine ataona kuwa huo ni upotevu wa wakati, na kwa hesabu ya saa hakosei.

Hesabu ya mti ni nyingine. Mkereza wa kawaida, ingawa ana mashine ya umeme, mara nyingi hutoa bakuli moja tu katika gogo moja, na moyo wote wa gogo ukawa maranda chini ya miguu yake. Lailey alikuwa na vyuma virefu vilivyopinda nchani kama kulabu. Kwa hivyo alikata duara ndani ya gogo, akaenda akizunguka mpaka chini, bakuli kubwa likaachana na sehemu ya ndani. Sehemu hiyo akaikereza tena, likatoka bakuli dogo kuliko la kwanza, na ndani ya hilo jingine, mpaka likabaki donge dogo lisilofaa kitu. Gogo moja likatoa mabakuli kadhaa yanayokaa moja ndani ya jingine.

Ugumu wa kazi hiyo ni kwamba chuma huingia katika ufa mwembamba ambamo jicho halioni. Fundi husikiliza sauti ya mti na kupima kwa mkono. Akikosea kidogo tu, chuma hutoboa, na hasara inaweza kuwa ya mabakuli mawili kwa mara moja. Mti wenyewe ulikuwa elm, ambao nyuzi zake zimesokotana hata haupasuki upesi. Alipendelea kuukata ungali mbichi, maana ukikauka huwa mgumu mno kwa nguvu za mguu. Bakuli likaachwa likauke polepole, nalo kwa kawaida huvutika kidogo, lisiwe duara kamili.

Lailey alifariki mwaka 1958, wala hakuacha mwanagenzi wa kushika mahali pake. Kerezo na vyuma vyake vikapelekwa Reading, katika nyumba ya makumbusho ya maisha ya shamba iliyo chini ya chuo kikuu cha huko. Wageni waliweza kuvitazama vile vyuma vilivyopinda, lakini hakuna kibao cha maelezo kiwezacho kumfundisha mtu namna ya kukilaza chuma ndani ya gogo linalozunguka.

Katika miaka ya 1990 Robin Wood, aliyekuwa amefanya kazi ya misitu, alivichunguza vyombo hivyo, akajifulia vyuma vya mfano huo, akajifunza kwa kuharibu magogo mengi. Hatimaye akapata riziki yake kwa mabakuli, na mwaka 2005 akatoa kitabu juu ya kazi hiyo. Leo wapo wakereza wengine wanaotumia kerezo la ufito, kila mmoja akiwa na deni kwa kibanda cha Bucklebury.

Jambo moja halikurudi. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 ugonjwa uenezwao na mbawakawa uliua mamilioni ya miti ya elm Uingereza. Mafundi wa sasa hukereza miti mingine. Gogo la elm nene la kutosha kutoa mabakuli manne ni vigumu sana kulipata.