Nimetengeneza ndege ambayo siwezi kuirusha

Wasee, jioni zangu za wiki sita zimeishia kwa ndege moja, na hata mimi mwenyewe siwezi kuketi ndani yake. Haina swichi, haina saa hata moja. Na bado ndiyo kitu najivunia zaidi mwaka huu.

Wanaocheza DCS World wanaijua. Kwa wengine: ni simuleta ya ndege za kivita, unaipakua bure na unapata ndege mbili za kurusha, Su-25T na TF-51. Zingine unanunua. Lakini ndani kuna ndege nyingi ambazo hazina mchezaji, zinaendeshwa na kompyuta. Ndizo zinakufukuza, ndizo unasindikiza. Bila hizo unazunguka angani peke yako kama matatu ya usiku.

Mimi nilitaka kuona Tucano. Nimekulia Nanyuki, na Baba alikuwa fundi wa ndege jeshini. Kenya ilinunua Tucano 12 kutoka kwa Short Brothers wa Belfast. Kwenye orodha inayokuja na DCS haimo. Nikasema basi naiweka mimi.

Sasa ukweli wenyewe. Mimi na Baba tulikuwa hatuongei. Niliacha kozi ya uhandisi mwaka wa pili ndio nifanye hii kazi ya video. Alisema tu, "Sawa." Mnajua ile "sawa" ya wazazi. Ilikaa miezi minane.

Turudi kwa ndege. Ya kompyuta ni rahisi kuliko ya kurusha mwenyewe, kwa sababu hakuna chumba cha rubani cha kujenga. Unachora umbo kwenye Blender, unalipaka rangi, unaligeuza kuwa faili ya EDM. Kila kinachosogea kina namba yake: gurudumu la mbele ni 0, la kulia ni 3, la kushoto ni 5. Halafu unaandika faili za Lua: uzito, mafuta, eneo la mabawa, kasi ya juu. Kompyuta inasoma hizo namba na kujua ndege inaweza nini. Unaweka kila kitu kwa folda ya Mods, basi.

Basi, wapi! Mara ya kwanza ndege haikuonekana kabisa. Koma moja ilikuwa imekosekana. Nikairekebisha, ndege ikaja, lakini imezama kwenye lami mpaka tumbo, kama kiboko mtoni. Siku nne nikihangaika.

Wikendi nikaenda nyumbani na laptopu. Baba akapita na kikombe cha chai, akasimama nyuma yangu.

"Hiyo ni nini?"

"Tucano, Baba."

Akavaa miwani. Kimya. Halafu: "Hiyo si yetu. Hiyo ni ya Brazil. Propela ya yetu ina panga nne."

Kumbe! Tucano ilianza kwa Embraer, Brazil, na ile ina panga tatu. Shorts walibadilisha injini na propela. Mimi nilikuwa nimefuata picha za ile ya kwanza. Wiki tano nachora ndege ya watu.

"Na mbona imezama?"

Nikamwonyesha mistari: mahali pa kila gurudumu, kwa mita, kutoka katikati ya ndege. Akasoma polepole na kidole.

"Magurudumu yako juu ya katikati ama chini?"

"Chini."

"Kwa hivyo?"

Alama ya kutoa. Nilikuwa nimesahau alama ya kutoa! Kompyuta ilidhani magurudumu yako juu, ikaishusha ndege mpaka yaguse lami.

Usiku huo nilichonga panga nne. Asubuhi tukaiweka Batumi, tukakaa wawili tukitazama. Ikakimbia, ikainuka, ikakunja magurudumu, hakuna mtu ameshika usukani. Mimi nilitaka kupiga nduru. Baba akasema tu, "La kushoto limechelewa kidogo." Ni kweli, lilichelewa.

Watu huniambia nisipoteze muda na kitu ambacho hata huwezi kukirusha. Mimi naona ukianza na kitu kidogo kinachofanya kazi, mtu mwingine anaweza kukikagua na kukwambia umekosea wapi. Ningeanza na ndege kamili yenye swichi mia, hadi leo ningekuwa na folda tupu na hadithi.

Kuhusu kozi, hajasema kitu, na mimi sijauliza. Lakini jana usiku alinipigia simu, yeye ambaye hapigangi.

"Ile Strikemaster ya zamani. Unaweza?"

Nikamwambia naweza, akija kuhesabu magurudumu.

Wewe je, ni nani alikupa ile "sawa," na uliimaliza vipi?