Maji Chini ya Kiti

Tulinunua Mazda MX-5 kuukuu, ya paa la turubai la kukunjwa. Mama watoto alinyamaza. Na kimya chake twakijua.

Masika yalipoingia, zulia la gari likawa linalowa kila usiku. Tulimkaripia kijana wetu kwa kuacha kioo wazi, naye akaapa hakukigusa. Hatukumsadiki.

Fundi alituonyesha vitundu viwili nyuma ya viti, kimoja kila upande, vya kutolea maji ya paa. Vilizibwa na majani ya mwarobaini tunaoegesha chini yake. Maji yakaingia ndani, kutu ikaanza kula vizingiti vya milango. Alivizibua kwa waya laini, taratibu, asitoboe mpira.

Jioni tulimtaka kijana radhi mbele ya mamake.

“Si neno, Baba.”

Mamake ndiye aliyecheka.