Utupa Ubaki Shambani

Sisi tuliolelewa kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Liuli na Mbamba Bay, tulilijua jina la utupa tangu utotoni, wala halikuwa jina jema. Majani yake yakipondwa na kutiwa mtoni, samaki huelea matumbo juu, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu sumu yake huwazuia kuitumia hewa waliyoivuta. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, lakini mama zetu walikuwa wamekwisha kutukataza zamani, maana mto ule ule ndio tuliochota maji ya kunywa.

Tulipoolewa huku juu Umatengoni, tulishangaa kuukuta mmea huo ukipandwa shambani kwa heshima.

Sababu ipo. Utupa ni jamaa ya maharage. Mizizi yake ina vinundu, na ndani yake wamo bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Pasua kinundu kwa ukucha: ukiona wekundu, ujue kinafanya kazi. Milima yetu ya Mbinga ni mikali, na wazee wa Kimatengo waliiweza kwa ngolo, yale mashimo yanayozuia maji yasichukue udongo, huku nyasi zilizofukiwa zikioza kuwa mbolea. Lakini kipande kinacholimwa bila kupumzika huchoka, na mbolea ya dukani inataka fedha. Basi akina mama wa kikundi chetu cha kanisani tukagawana mbegu za utupa. Tuliuacha mwaka mzima hadi ukatupita kimo, tukaukata, tukafukia majani yake. Mahindi yaliyofuata yalikuwa ya kijani kibichi, si yale ya manjano tuliyoyazoea.

Tukajifunza na kazi ya pili: unga wa majani makavu ukichanganywa na maharage huyakinga yasibunguliwe. Hapo ndipo tulipokosea.

Mwenzetu mmoja alitwanga majani hayo kwenye kinu cha nyumbani. Akakikung'uta, akaona kimetakata. Kesho yake akatwanga humo karanga za kuungia mboga. Wakubwa waliumwa tumbo tu, lakini mtoto wake wa miaka minne alitapika usiku kucha mpaka akalegea. Tulimbeba hadi hospitali, akatundikiwa maji, na siku ya tatu akarudi nyumbani. Mama yake hakutugombeza. Alisema tu, "Dada zangu, mbegu mlinipa ninyi. Mbona hili hamkuniambia?"

Sisi wauguzi wa miaka mingi tulikosa la kujibu. Tulifundisha faida, tukasahau kwamba si kila mtu alionywa na mama yake kule ziwani.

Sasa tumewekeana utaratibu. Kinu cha utupa ni kimoja, kimepakwa rangi nyekundu, na hakiingii jikoni. Anayetwanga hujifunga kitambaa puani na mdomoni. Utafiti uliofanyika Marekani na kutolewa mwaka 2011 uliihusisha rotenoni, mojawapo ya sumu za jamii hiyo, na ugonjwa wa Parkinson kwa watu waliokuwa wakiitumia mashambani. Unga tunautia kwenye maharage ya mbegu tu, si ya chakula, na gunia lake lina alama. Mikono na vyombo tunaosha kwa sabuni mbali na kijito, maana maji ya milima hii hushuka ziwani, kwa ndugu zetu wanaovua usipa. Na mtoto akiula, asitapishwe nyumbani. Akimbizwe hospitali pamoja na jani lenyewe, daktari alione.

Tena, si kila utupa una nguvu. Utafiti wa Malawi uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kuwa baadhi ya mimea hiyo haina sumu ya kuzuia wadudu, ingawa kwa macho inafanana. Jaribuni kwanza kwa maharage machache.

Mama yule hakuung'oa utupa wake. Ameuhamishia mbali na nyumba, na wanawe wote amewapeleka wakauone na kuujua kwa jina. Nasi tunapogawa mbegu siku hizi, tunaanza na onyo, ndipo tunapotaja faida.