Kamera Ndogo Mjini Lamu

Katika miaka ya 1990 tulisafiri kwenda Lamu kuhudhuria Maulidi ya Mfunguo Sita, nasi tumechukua kamera ndogo ya mkanda, ya plastiki, isiyo na lolote la kurekebishwa. Kioo chake kimekwisha kuwekwa na kiwanda mahali pamoja. Mtu hana kazi ila kutazama na kubonyeza. Taa ya kumulika imo ndani yake, nayo hula mawe mawili ya tochi. Vijana waliozoea simu huenda wasijue kwamba kamera hiyo haikumwonyesha mtu alichokipiga mpaka mkanda usafishwe dukani.

Mji wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, uliitia kamera hiyo katika mtihani. Kitu kilicho karibu kuliko mita moja na nusu hivi hutoka na ukungu, na vichochoro vya mji huo ni vyembamba, hata akija punda aliyebeba mzigo yampasa mtu ajibanze mlangoni. Basi ile milango ya nakshi, fahari ya mji, haikupigika yote kwa mara moja: ukirudi nyuma, mgongo wagota ukuta wa jirani. Usiku, mbele ya Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, mambo yaligeuka. Nguvu ya taa ile haipiti mita tatu au nne. Watu wamejaa, matari yanalia, na kila tulipobonyeza tulijua kwamba tumepata kofia za safu ya mbele, na nyuma yake kiza kitupu. Zefe ndiyo iliyoifaa: jua la pwani, watu mbali kidogo, na njia ya ufukoni iko wazi.

Mwenyeji wetu alitukirimu sana, walakini alituambia, "Wanangu, kamera ibaki hapa dakani." Picha ya binti ikipigwa na nduguye ndani ya nyumba, kwake haikuwa na neno, lakini mkanda utakwenda Mombasa, utasafishwa na mtu asiyemjua, naye ataiona, na akitaka atatoa nakala ya pili. "Macho ya mgeni naweza kuyazuia mlangoni. Ya yule wa dukani nitayazuiaje?" Wanazuoni wamehitilafiana juu ya picha zenyewe, hoja ya mzee huyu ilikuwa ya sitara, nasi hatukuwa na jawabu.

Siku ya kuondoka, mama yake, bibi wa miaka mingi, alitaka apigwe picha pamoja na wajukuu zake. Mzee akanyamaza kitambo. Kisha mjukuu mmoja wa kike akaingia na kamera ndani, tukaona mwanga ukimetameta kando ya pazia mara nne. Ilipotoka, tuliurudisha mkanda kwa kuuzungusha mpaka mwisho, tukautoa, tukamkabidhi mzee, pamoja na zefe yetu yote iliyokuwamo. Akaufunga katika leso, akautia sandukuni. Alisema atatafuta mwanamke ajuaye kusafisha.