Pendo, Pindo, Bindo: Herufi Zetu Kwenye Simu



Mabibi harusi wengi wananiletea kazi ya kudarizi wasia wa mama au bibi kwenye kitambaa, maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. MashaAllah, ni asili yetu. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wake mnamo 1858, ukaandikwa kwa khati hiyo hiyo, na mpaka leo tunafaidika nao.

Tabu inaanza kwenye simu. Kibodi ya Kiarabu imepangwa kwa lugha ya Kiarabu, ambayo haina p, ch wala v. Irabu nazo, chuoni tulisoma fat-ha, kasra na dhumma, basi. Sisi tunazo tano, kwa hiyo kasra inabeba i na e, na dhumma inabeba u na o. Andika "pendo" hivyo, uweke ba badala ya p, na msomaji anaweza kusoma pendo, pindo au bindo. Mimi fundi, pindo ndiyo kazi yangu, lakini silo ninalomtakia bibi harusi!

Wazee wetu walisoma bila shida kwa sababu maneno walikuwa nayo moyoni. Mjukuu wako atakuwa na kitambaa tu.

Kwenye simu nyingi, gandamiza ba bila kuachia, itatokea p yenye nukta tatu chini. Jim itakupa ch, fa itakupa v, kaf itakupa g. Kwenye kompyuta ipo programu ya bure iitwayo Andika!, kazi ya Kevin Donnelly, inayogeuza Kiswahili tunachoandika kila siku kuwa cha herufi za Kiarabu. Kibodi nzuri ni ile inayoipa kila sauti yetu mahali pake, e na o zikiwemo. Binti zetu wanaosoma kompyuta, hiyo ni sadaka inayowangoja.

Wewe bibi harusi, kaa na bibi yako mapema. Mwombe aandike wasia kwa mkono wake, uuchape, kisha umrudishie ausome kwa sauti. Akisoma alichokusudia, ndipo uulete kwa fundi. Uzi ukishapita kitambaani, kuufumua kunaacha matundu.