Mkaa wa Mifupa

Washarika wengi wanatufahamu. Mmoja wetu ni mchungaji, mwingine ni mwalimu wa kemia anayeitwa Mama Mchungaji hata na walimu wenzake. Alipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya kemia kwa njia ya utafiti, wapo waliotupongeza, na wapo waliouliza kwa upole ni nani atakayepokea wageni. Ni swali halali. Nyumba ya mchungaji haikosi wageni. Tuliliombea jambo hilo, tukauza ng'ombe mmoja kwa ajili ya ada, na wageni walipokewa na yeyote aliyekuwepo, mara nyingi kwa chai isiyo na kitafunwa.

Jambo la kutafiti halikutafutwa mbali. Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Mlima Meru, huku Usa River na Maji ya Chai, tunatambuliwa kwa meno popote tuendapo. Miamba ya volkano ina floraidi, nayo huingia katika chemchemi, mito na visima vyetu. Ikiwa kidogo hulinda meno. Ikizidi, meno ya mtoto huota na madoa ya kahawia; ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huharibika, na wapo watoto ambao miguu yao hupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kisima chetu kilipopimwa, kilikuwa na zaidi ya mara nne ya hapo. Kuchemsha hakusaidii, kwa maana maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki palepale. Maji hayohayo ndiyo tunayobatizia.

Mkaa wa mifupa haukuanza na sisi. Jirani yetu pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali ambacho kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa kuwa punje, kisha maji hupitishwa humo. Kinachofanya kazi ni madini ya mfupa wenyewe, yaitwayo apataiti, ambayo huinasa floraidi na kuishikilia. Tulikaa na jambo hili jioni nyingi. Mfupa huivuta floraidi; ndiyo maana mtoto anaumia, na ndiyo maana mfupa wa ng'ombe aliyekufa unaweza kumwokoa. Mhubiri angeweza kukimbia na hilo moja kwa moja hadi kwenye bonde la Ezekieli. Tulijizuia, kwa sababu tanuri lilikuwa bado halijakubali.

Moto ukiwa mdogo, mabaki ya nyama na mafuta hayaungui yote na maji hunuka. Ukizidi, mkaa huwa mweupe na nguvu yake hushuka. Kazi ilikuwa kutafuta hapo katikati: moto wa kiasi gani, kwa saa ngapi, punje za ukubwa gani, na ni lita ngapi zitapita kabla mkaa haujashiba. Kila kipimo hurudiwa mara tatu, na majibu yakipishana sana, unaanza upya. Elisha kule Yeriko alitia chumvi na chemchemi ikapona. Sisi tulikuwa na umeme unaokatika tanuri likiwa katikati ya joto.

Mwezi wa kumi na moja wa utafiti, chujio la kwanza lilitoa maji yaliyo chini ya 1.5. Habari zilifika usharikani kabla yetu. Mzee mmoja wa kanisa akaja nyumbani jioni, akakaa, akasema, "Mama Mchungaji, Jumapili hii utoe ushuhuda. Bwana ametenda. Halafu tuliweke chujio pale langoni, watu waanze kuchota."

Ombi hilo lilituumiza, maana nasi tulilitamani. Lakini mkaa ukishashiba hausemi. Maji hutoka maangavu vilevile, na ladha yake ni ileile, huku floraidi ikipita yote. Mama angemnywesha mwanawe kwa imani kamili. Msimamizi wa utafiti aliuliza swali moja tu, ni lita ya ngapi, na jibu hatukuwa nalo. Tumezoea kuona kwamba anayechelewesha ushuhuda ana imani haba. Hatukubaliani na hilo. Amri ya nane tunayowafundisha watoto wa kipaimara inamhusu jirani, na kumwambia jirani kuwa maji ni salama kabla ya kujua ni kumshuhudia uongo.

Basi Jumapili ile Mama Mchungaji alisimama akasema kwamba mkaa unafanya kazi, na kwamba hajui utafanya kazi kwa muda gani. Akaomba maombi, na mifupa. Watu walicheka, lakini wiki hiyo magunia ya mifupa yalifika kutoka bucha mbili.

Baada ya ibada alifuatwa na mama mmoja kijana, mjamzito, ameshika mkono wa mtoto mwenye miguu iliyopinda. "Mama Mchungaji, miguu ya huyu itanyooka?"

"Maji haya hayawezi kuinyoosha, mwanangu. Tutakwenda naye kwa daktari tusikie. Lakini huyo uliyembeba tumboni, tunamtafutia maji."

Alinyamaza kidogo, akashukuru. Usiku ule hatukulala vizuri, wala maombi yetu hayakuwa na maneno mengi.

Tasnifu ilikabidhiwa miezi minane baadaye, ikiwa na idadi ya lita. Sasa chujio liko nyuma ya kanisa, na idadi hiyo imeandikwa kwa rangi kwenye mfuniko. Kila Jumatatu vijana huchukua sampuli, hupima na kuandika katika daftari, na mkaa hubadilishwa kabla haujafika ukomo. Yule mtoto wa pili ana miaka mitatu. Meno yake ya kudumu yataanza kuota akiwa na miaka sita hivi, na mama yake huja kuchota kila asubuhi.