Susan Alibaki Peke Yake Matangani



Kuna vitabu ambavyo msomaji huvifunga kwa furaha, na vingine huvifunga kwa kinyongo. Kitabu cha saba na cha mwisho cha hadithi za Narnia, kilichotolewa na Clive Staples Lewis mwaka 1956 kwa jina The Last Battle, na ambacho sisi tulikisoma katika Kifaransa kwa jina La Dernière Bataille, kimetuachia vyote viwili. Tumekaa nacho majuma kadhaa katika kikundi chetu cha kusoma, na hata leo hatujapatana juu yake.

Kwa wale wasiozijua hadithi hizi: Lewis, mzaliwa wa Belfast, alifundisha fasihi ya zamani huko Oxford na kisha Cambridge. Alikuwa mkristu wa Kanisa la Anglikana. Tangu 1950 mpaka 1956 alitoa kitabu kimoja kila mwaka. Katika kile cha kwanza, watoto wanne wa Uingereza, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wanapita ndani ya kabati la nguo na kutokea katika nchi ya theluji ambamo wanyama husema, na simba Aslan ndiye bwana wa wote. Wengi wetu tulianza na sinema ya mwaka 2005, si na kitabu. Baadaye zikaja nyingine mbili, 2008 na 2010, na hakuna hata moja iliyofika kitabu cha saba. Kwa sababu hiyo, wapenzi wengi wa Narnia hawajui namna inavyokwisha. Inakwisha kwa kufa: nchi inakufa, na karibu wote tuliowapenda wanakufa.

Mwanzo wake ulitushika mara moja. Sokwe mzee mwenye hila anaona ngozi ya simba majini, anaishona, anamvika punda mpole asiyejua kukataa, kisha anawatangazia wanyama kwamba Aslan amerudi. Usiku huyo Aslan wa uongo anatolewa bandani kidogo tu, kwenye mwanga wa moto, naye hasemi neno. Wa kusema ni sokwe. Kwa jina la Aslan miti inakatwa na kuuzwa, na wanyama wanapelekwa kufanya kazi kwa wageni wa Calormen, huku malipo yao yakitunzwa na sokwe mwenyewe. Anawaahidi barabara, miji na shule. Na katika orodha hiyo hiyo, bila kubadili sauti, anataja mijeledi, vizimba na magereza. Hapo tulicheka, kisha tukanyamaza. Nani kati yetu, katika nchi hii ya miti na madini, alihitaji kuelezwa ukurasa ule?

Wanaotisha zaidi, kwa maoni yetu, si sokwe bali vibete. Hao, walipogundua kwamba walidanganywa mara moja, waliapa kutosadiki tena lolote, hata lililo kweli. Farasi wenye kusema wanapokuja mbio kumsaidia mfalme Tirian, vibete wanawapiga mishale mmoja baada ya mwingine. Mwishoni wanakaa katikati ya nchi yenye jua na maua, wakishikilia kwamba wamo gizani ndani ya banda. Aslan anawaandalia karamu. Wao wanaonja majani ya ng'ombe. Tunawajua vijana wa namna hiyo, waliochezewa na wakubwa hata wakaona kila wema kuwa mtego, na hatuthubutu kuwalaumu kwa haraka.

Kuna jambo moja hatukulipitisha kimya. Watu wa Calormen wamechorwa weusi wa ngozi, wenye vilemba na panga za kupinda, wakatili karibu wote. Nao vibete huwaita jina la dharau kwa ajili ya rangi yao. Msomaji wa Kongo anajiuliza Lewis alimweka upande gani wa vita. Wengine wetu walitaka tuache kusoma hapo. Ila ndani ya jeshi lile lile yumo askari kijana, Emeth, aliyemtumikia mungu Tash kwa moyo safi maisha yake yote. Anapokutana na Aslan anangoja kuuawa. Badala yake anaambiwa kwamba utumishi wote wa kweli aliomtolea Tash umepokelewa na Aslan kama wake. Miaka minane baadaye, mwezi wa Novemba 1964, Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulitangaza hati Lumen Gentium, ambayo katika namba yake ya 16 inasema kwamba wasiomjua Kristu pasipo kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, wanaweza kufikia wokovu. Emeth haondoi ile dharau ya rangi. Lakini ndiye mtu mwema kuliko wote katika kitabu, na mwandishi alilijua hilo.

Basi tufike kwenye jambo lililotugawa. Katika kurasa za mwisho Aslan anawafunulia watoto kwamba ajali ya gari la moshi ilikuwa ya kweli. Peter, Edmund na Lucy wamekufa, binamu yao Eustace na rafiki yake Jill pia, hata baba na mama wa wale wanne. Hawatarudishwa tena Uingereza. Kwao ni habari ya furaha, maana Narnia ya kweli iko mbele yao na kila hatua inawaingiza ndani zaidi. Lewis hakuandika hayo kwa wepesi: alifiwa na mama yake akiwa na miaka tisa, na mwaka 1918 alijeruhiwa vitani Ufaransa.

Lakini Susan hayumo. Inasemwa kwa maneno machache tu kwamba si rafiki wa Narnia tena. Siku hizi anajali soksi za nailoni, rangi ya midomo na mialiko. Wasichana wa kikundi chetu walikasirika kwa haki. Peter naye alikua, hakuna aliyemuuliza kuhusu mavazi yake! Wavulana wengine walijibu kwamba kosa lake si rangi ya midomo, ni kusema kwamba Narnia ulikuwa mchezo wa watoto, yaani kukana alichokiona kwa macho yake. Jibu hilo lina nguvu. Halitoshi.

Maana hesabu ni hii: siku moja msichana yule amepoteza baba, mama, kaka, mdogo wake wa kiume na mdogo wake wa kike. Nani aliitwa kuwatambua maiti? Nani aliketi kwenye matanga yao? Kitabu kinapanda mlima pamoja na waliofika, kinaimba, wala hakigeuki nyuma hata mara moja. Kati yetu wamo waliozika ndugu watatu kwa mwaka mmoja. Mmoja wao alituambia kwamba anasadiki yote yaliyoandikwa juu ya ile nchi ya Aslan, ila angependa kuona mtu mmoja anampelekea Susan chai.

Mwaka 1957 Lewis alimwandikia mtoto aliyemuuliza habari za Susan. Alimjibu kwamba vitabu havisemi yaliyompata. Amebaki hai katika dunia hii, na bado ana muda wa kutosha wa kujirekebisha na kufika kwa njia yake mwenyewe. Barua hiyo iliwatuliza baadhi yetu. Dada aliyesema neno la chai hakutulia: ameanza kuandika sura inayokosekana. Mpaka sasa ana kurasa nne, na Susan ndiyo kwanza anatoka makaburini, akiwa na funguo za nyumba mkononi, akitafuta basi.